Kuku kwa Pampu, Mbuzi kwa Kosa

Nyinyi vijana wa spana mliponiomba niandike mambo ya kazi, najua mlitaka niwaeleze jinsi ya kuvuta mabomba kutoka kisimani bila kuyaangusha. Nitawaeleza. Lakini kwanza mjue mnayemsoma. Mimi ni mtu wa wivu. Mke wangu anajua, Mchungaji Enoka anajua, na Mungu alijua kabla yao. Nimetengeneza pampu za mkono kuanzia Adumi mpaka Koboko, miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na katika miaka yote hiyo kuna mgeni mmoja tu niliyemwonea kijicho mpaka chakula kikanishinda. Alikuja kwa wiki mbili na watu wa kanisa lake kutoka ng'ambo. Akapewa vitu vitatu nilivyovitaka mimi. Baadaye akachukua na cha nne, nacho ni kosa langu. Hicho cha nne ndicho ninachokidai hapa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ramadhani, Mnubi wa Arua mjini, ambaye babu yake alifika huku na jeshi kutoka Sudan. Yeye Mwislamu wa swala tano, mimi mtu wa kwaya, na hatukugombana siku hata moja isipokuwa juu ya grisi. Alikuwa mchoyo wa grisi jamani, utafikiri anaipaka kwenye mkate. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini.

"Wewe Ezama, sikio yako iko wapi? Weka sikio kwa chuma."

Naweka sikio kwenye mguu wa pampu, mama mmoja anapiga mpini, na mzee ananiuliza nimesikia nini. Ukisikia mkwaruzo unaopanda na kushuka, fito za ndani zinasugua bomba. Ukisikia kama mtu anayemeza mate bila kitu mdomoni, washa, vile vipete vya ngozi vinavyobana maji, zimechoka. Usifungue boliti kabla hujasikiliza. Siku hizi mnaipiga pampu picha, mnaituma kwenye kikundi cha simu, na mtu aliyekaa Arua anawaambia ugonjwa wake. Sawa, maendeleo. Lakini picha haina sauti. Na washa zenyewe, kama bado mnapata zile za ngozi, ziloweke kwenye mafuta kutwa nzima kabla ya kuzivalisha. Ukizivalisha kavu, utarudi kijiji hicho wiki ijayo na wanawake watakusalimia kwa matusi.

Juu ya kuangusha mabomba: niliyaangusha. Ilikuwa Ayivu, nyuma ya soko. Nilikuwa nawasimulia watu habari ya mwenye boda aliyedondoka na magunia ya muhogo, na katika kuonyesha alivyodondoka nikalegeza kibano kinachoshika mabomba kabla mzee hajasema funga. Mabomba yote yakatumbukia kisimani. Kelele ile ninayo masikioni mpaka leo. Mzee Ramadhani hakupiga kelele. Alivua kofia, akakaa juu ya kisanduku cha vyombo, akasema, "Haya. Sasa vua samaki yako." Nilivua siku tatu, kwa ndoano ya chuma na kamba, na watoto wa soko zima wakiniuliza kama samaki wamenasa. Tangu hapo sisimulii kitu mkono ukiwa kwenye kibano.

Alinifundisha pia mambo mawili ambayo bila hayo hamtaelewa habari yangu.

La kwanza ni chupa mbili. Kuna maji yanayokula chuma. Ukiyatazama ni meupe, ukiyaonja ni matamu, lakini yanakula mabomba ya zinki, yale ya chuma kilichopakwa zinki, kama mchwa kwenye mlango. Basi unachukua chupa moja ya maji ya kisima unachokishuku, na chupa nyingine ya kisima unachokiamini, unatia msumari mpya katika kila moja, unaziacha siku kadhaa. Kama ile ya kwanza imekuwa rangi ya chai na ya pili bado inaonyesha upande wa pili, usishushe chuma mle. Tafuta mabomba ya plastiki.

La pili ni kikombe. Anayekaza boliti ya mwisho ndiye anayekunywa kikombe cha kwanza, mbele ya watu wote. "Kama maji iko mbaya," mzee alisema, "tumbo ya fundi ijue kwanza." Kwake hiyo ilikuwa adabu ya kazi. Kwangu mimi, niseme kweli, ilikuwa heshima yangu. Dakika ile moja kijiji kizima kinakuangalia koo likipanda na kushuka, na wanasubiri useme neno. Nilikuwa nakunywa polepole makusudi.

Sasa kisima chenyewe. Kiko kwenye kilima upande wa Koboko, mahali alipoolewa binti yangu Ayikoru, na ambapo watu wengi wa Sudan Kusini wamekaa pamoja na wenyeji. Kisima kile kilinichosha. Nilishakitengeneza mara nyingi nisizoweza kukumbuka, na kila nilipofika niliambiwa neno moja tu: "Fundi, umechelewa." Wimbo sikuimbiwa. Hata uji nilikuwa naomba. Mwisho nilivuta mabomba yake yaliyooza, nikachukua maji kwenye chupa, nikatia msumari, na pembeni nikaweka chupa ya maji ya Adumi. Ya Adumi ilibaki nyeupe. Ya kilimani ikawa chai ya rangi. Nikamwambia Mama Keji, mama wa Sudan Kusini aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, kwamba hapa ni plastiki tu. Akasema, "Fundi, hata sabuni hatuna, plastiki tutatoa wapi?" Tukafunika mdomo wa kisima. Wanawake wakarudi kuteka kwenye kijito kule bondeni. Nikaiweka ile chupa ya kilimani juu ya kabati langu, nyumbani Adumi.

Ndipo wakaja wageni wa misheni. Magari mawili, vijana wenye fulana za rangi moja, pua nyekundu kwa jua, wanaombea kila kitu, hata tairi la akiba. Walikuwa watu wa moyo mzuri, sitawasingizia. Walitaka kutuletea Neno na maji, na wakaambiwa kwamba kilimani kuna kisima kilichokufa. Kiongozi wa kazi ya maji alikuwa Bwana Tomasi, mzee wa umri wangu, fundi wa mabomba mstaafu huko kwao. Mimi nikaitwa niwe msaidizi. Msaidizi! Kwenye kisima nilichokijua kama kinywa changu.

Wivu wangu ulianza na spana, nicheke mwenyewe. Alikuwa na kisanduku chekundu, kila spana imelala mahali pake kwa ukubwa wake, kama wanafunzi kwenye foleni. Zangu zilikuwa kwenye gunia la unga. Nilizificha nyuma ya jiwe. Halafu nikaomba kimoyomoyo awe mjinga, ajue kuomba tu na kazi imshinde. Lo, hakuwa mjinga! Alikuwa anashika bomba, anafumba macho, anaizungusha nati kwa ncha za vidole mpaka akahisi nyuzi zimekubali. Hivyo hivyo kama Mzee Ramadhani. Mtu asiyejua kazi unamdharau na roho inatulia, lakini huyu alinifanya nianze kuficha mikono yangu.

Siku ya tatu, kabla hata tone la maji halijatoka, wanawake walikuja na vigelegele wakamwimbia. Jina lake lilikuwa ndani ya wimbo. Mama Keji akampa jogoo mwekundu, mkubwa, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Nikasimama pale na fito begani, nikihesabu ni mara ngapi nimekipanda kilima kile kwa baiskeli na kuambiwa nimechelewa.

Hapohapo, wimbo bado haujaisha vizuri, Bwana Tomasi akanijia akifuta mikono, na Mchungaji Enoka, aliyekuwa mkalimani wao, pembeni yake.

"Fundi Ezama," Mchungaji akasema, "Bwana Tomasi anauliza. Wewe unakijua kisima hiki. Kuna jambo lolote juu ya maji ya hapa anapaswa kulijua kabla hajashusha mabomba?"

Mabomba yalikuwa yamelala kwenye majani. Ya zinki, mapya, yanang'aa, na Mama Keji, asiyejua mabomba, alidhani ndiyo yale niliyoyataka. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, wanangu, tayari kabisa. Nikamtazama yule jogoo kwenye kivuli cha gari lao.

"Mwambie maji ni maji," nikasema.

Mchungaji akatafsiri. Bwana Tomasi akacheka, akanipiga bega, akaenda kwenye gari kuchukua kibano.

Basi. Mnisome vizuri hapo. Sikudanganywa, sikusahau, sikukosa nafasi. Niliulizwa kwa heshima nikaficha, kwa sababu ya kuku.

Pampu ilifunguliwa siku ya Ijumaa, kwa maombi marefu. Boliti ya mwisho niliikaza mimi, alinipa mwenyewe spana yake. Maji yakatoka meupe, watu wakaruka, na kikombe kikapita mbele ya uso wangu kikaenda mkononi mwa Bwana Tomasi. Hakuijua desturi yetu, si kosa lake. Na mimi sikusema, ningesemaje? Mtu mzima anadai kikombe? Akanywa haraka haraka, hata hakujua kunywa, akainua mikono, wakashangilia.

Kesho yake binti yangu Ayikoru akajifungua mtoto wa kiume. Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu, kwa sauti ya chini lakini mara nyingi, kwamba mtoto huyu ataitwa Ezama. Mkwe wangu akaja mbio amefurahi.

"Baba, tumepata jina! Mutoto amekuja na maji. Tunamuita Tomasi."

"Jina zuri," nikamwambia.

Nilirudi Adumi nikalala siku mbili nasema ni mgongo. Mke wangu akaniletea uji, akaniangalia, akasema, "Mgongo huu una jina la Kizungu." Huyo ndiye mke wangu.

Wageni wakaondoka kwa machozi na picha nyingi. Mimi nikabaki na jambo ambalo naona haya kuliandika: niliombea pampu ile ife. Nilikuwa kwenye kwaya Jumapili, naimba sauti ya chini, na ndani ya moyo namwambia Mungu, iharibu, waone. Kila simu ilipolia nilitumaini ni kilimani. Na chupa iko juu ya kabati, nilikuwa naiona kila nikivaa shati.

Kabla mwaka haujaisha, simu ikalia. Mama Keji.

"Fundi, hii maji iko nyekundu. Nguo nyeupe ya kanisa imekuwa kama udongo. Maharage iko nyeusi. Watoto wanakataa chai."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mpigie mwenye pampu." Nikakata simu, nikajisikia mtamu, kama nimekula asali. Utamu huo ulidumu siku chache tu, kwa sababu wanawake walikuwa wameshaanza kurudi kijitoni, na katika wanawake hao alikuwemo binti yangu.

Ayikoru alifika nyumbani kwetu na mtoto mgongoni, amemfunga kwa kanga mbili. Tomasi mdogo alikuwa ameshaanza kutambaa, lakini siku ile kichwa kilikuwa kinaanguka huku na huku. Alikuwa anaharisha tangu juzi. Macho yameingia ndani, na alipolia machozi hayakutoka. Nilimtafutia gari, tukaenda Kuluva hospitalini, mimi mbele, binti yangu na mama yake nyuma. Walimpokea upesi, wakamtundikia dripu kwenye kale kamkono. Nesi akawa anajaza karatasi.

"Mtoto anakunywa maji ya wapi?"

"Ya kijito," Ayikoru akajibu. "Pampu iko, lakini maji iko nyekundu."

"Hakuna fundi huko kwenu?"

Binti yangu akanigeukia. Hakuwa na nia mbaya, alitaka tu nimjibu nesi. Nikaiangalia sakafu ya hospitali mpaka nikaijua nyufa zake zote. Jina lile nililolichukia nikalitamka usiku kucha na mchana wake, Tomasi, Tomasi, meza mwanangu, meza kidogo. Siku ya tatu akamnyang'anya nesi kalamu, tukajua amepona.

Kutoka Kuluva sikupumzika. Niliiteremsha chupa, nikampelekea Mchungaji Enoka, nikamwomba ampigie Bwana Tomasi na kumwambia kwamba maji yale yanakula chuma, aje na plastiki. Mchungaji akaishika chupa, akaitikisa, msumari ulikuwa umebaki mwembamba kama sindano. Aliangalia vumbi lililokuwa juu ya kifuniko. Hakuniuliza chupa ile ni ya lini. Alinitazama tu, na mimi nikaomba maji ya kunywa.

Bwana Tomasi alirudi kiangazi kilichofuata, na watu wachache safari hii, bila fulana. Tulivuta mabomba pamoja. Yalikuwa yametoboka toboka, ukilipuliza moja linatoa sauti kama filimbi. Alikaa chini kwenye majani akapitisha kidole kwenye kila tundu.

Jumapili akaomba kusimama kanisani. Nilikuwa kwaya, mstari wa nyuma. Nilijua atasema nini: atasema aliniuliza. Nilikuwa nimejiandaa, hata nilikuwa nimeshafungua kifungo cha shati cha shingoni. Akaanza, Mchungaji akitafsiri.

"Nilikuja kwenu na mabomba niliyoyanunua kabla sijayaonja maji yenu. Fundi wenu nilimwuliza swali moja, kwa haraka, nikiwa nimeshageuka kwenda kwenye gari. Huko si kuuliza. Watoto wenu wameugua kwa kiburi changu. Kosa ni langu peke yangu. Nisameheni."

Mchungaji alipofika kwenye "langu peke yangu" alikwama. Akanitafuta kwa macho kwenye mstari wa nyuma, akanipata. Alikuwa ameyatafsiri yeye mwenyewe yale maneno yangu matatu, alikuwa anayajua. Kanisa zima linasubiri. Nafasi ilikuwa ile, pana kama barabara ya Koboko. Mimi nikafunga kifungo cha shati.

Basi watu wakalia! Mama Keji akaenda mbele akamkumbatia. Wazee wakasema hawajaona mzungu wa namna hii, anakuja mpaka huku kuomba msamaha. Wakaimba. Na wakampa mbuzi. Dume, mweupe, mwenye ndevu. Kuku kwa pampu, mbuzi kwa kosa. Na mimi pale nyuma, mniamini msiniamini, badala ya kuona haya nikaona wivu. Nikasema moyoni, huyu mtu hata kosa ananinyang'anya, na analipwa.

Tulishusha plastiki. Boliti ya mwisho alikaza yeye, maji yakatoka, Mama Keji akampa kikombe. Safari hii aliijua desturi yetu, kumbe Mchungaji alikuwa amemweleza, na bado hakunywa. Akanipa mimi. Akasema nimestahili, kwa sababu bila chupa yangu wasingejua. Nikanywa mbele ya watu wote, na yalikuwa matamu maji yale, na nilikunywa haraka haraka kama mwizi.

Pampu ile inafanya kazi mpaka leo. Mikono yangu imeacha kukubali spana, nimestaafu, mnanikuta nyumbani napalilia maharage. Kila Krismasi Bwana Tomasi anatuma salamu kwa simu ya Mchungaji. Kwanza anauliza maji yakoje. Halafu anamuulizia Tomasi mdogo. Halafu anasema tena, kila mwaka, samahani kwa yale mabomba. Amezeeka, Mchungaji ananiambia, sasa anatembelea fimbo, lakini lile bado liko rohoni mwake. Mwaka huu aliongeza kwamba ndilo jambo linalomwuma zaidi katika kazi yake yote. Mchungaji alinisomea, akaifunga simu, akanisubiri, kama alivyonisubiri siku ile kanisani.

Kwa hiyo vijana, yale ya sikio na kibano na ngozi ni yenu, yachukueni. Na maji ya mahali yajueni, na mkiulizwa, semeni, hata kama kuku ni wa mtu mwingine. Lakini karatasi hii si yenu peke yenu. Nimemwomba Mchungaji aigeuze kwa lugha ya Bwana Tomasi na kuituma, na nimemwambia asipunguze neno.

Bwana Tomasi. Wimbo ule ulikuwa wako, na jogoo, na mbuzi. Jina la mtoto baki nalo, nimeshalizoea. Bado nakuonea wivu, sitakuficha, hasa zile spana. Lakini ulinisimamia uso kwa uso ukaniuliza vizuri, na nilikuwa najua. Kosa lile ulilolibeba miaka yote hii ni langu. Nirudishie.